Injini ya baiskeli: boksi lasema 80cc, sheria je?

Swali naloulizwa sana na vijana hapa Malindi siku hizi ni moja: nikifunga kainjini kwenye baiskeli yangu, trafiki atanisimamisha ama ataniacha nipite? Na wengi wanauliza huku washajijibu, ati hii bado ni baiskeli, pedeli ziko, cheni iko, sasa leseni ya nini. Naomba tulizungumze hili vizuri manake ni hela za jasho watu wanaweka hapo, na ni maisha pia.

Sheria ya trafiki ya Kenya, ile Sura ya 403, haina habari na pedeli zako. Inaangalia chombo kinasukumwa na nini, na kikiwa kinasukumwa na mashine basi kiko kundi moja na magari na pikipiki, hata fremu iwe ni Blaki Mamba, ile baiskeli nzito ya zamani, ya babu yako. Maana yake chombo kisajiliwe kipate namba, kiwe na bima ya thad pati (ya kumlipa mtu mwingine ukimgonga), wewe uvae helmeti na jaketi ya riflekta, na leseni uwe nayo mfukoni.

Sasa leseni ndio inakuja na mambo ya saizi ya injini, hizo cc, yaani ujazo wa ndani ya silinda. Daraja la A1 ni la vipikipiki vidogo visivyozidi 50cc na kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kuichukua, ikipita 50 unahamia A2 na hapo ni miaka 18, halafu A3 ni ya wale wanaobeba abiria, boda na tuktuk. Hiyo 50 haikuokotwa njiani, iko kwenye mkataba wa Vienna wa 1968 wa mambo ya barabarani, na nchi nyingi zimeifuata.

Shida iko kwenye boksi. Zile injini za Kichina za kufunga kwenye fremu, za kuchanganya mafuta na oili, zinakuja kwa majina mawili: ya "50" na ya "80". Hiyo ya 80 sio 80 kabisa. Mwambie fundi afungue kichwa cha silinda, pima upana wa tundu kwa rula ya chuma, kwenye hizi utakuta milimita 47, na mwendo wa pistoni kupanda na kushuka ni 38. Chukua 47 mara 47 mara 38 mara 0.785, gawanya kwa 1,000, unapata kama 66cc. Ile ndogo tundu lake ni 40, piga hesabu hiyo hiyo inatoka karibu 48. Kwa hiyo ndogo iko ndani ya A1 na kubwa iko nje, na nje kwa cc 16 nzima, sio kidogo. Ndio nasema kama lazima ufunge basi funga ya 48, na usimsikilize muuzaji anayekwambia zote ni sawa.

Lakini kitu kinachoniuma zaidi hata sio cc, ni breki jamani. Baiskeli ya kawaida mtu anakanyaga kilomita 15 kwa saa hivi, ukiweka injini unafika 40, na nguvu ambayo breki inatakiwa iimeze haipandi mara mbili na kitu, inapanda mara saba, manake inakwenda kwa mwendo mara mwendo. Na Blaki Mamba inasimama kwa viraba viwili vinavyovutwa na vyuma kubana ringi! Ongeza hapo sproketi ya nyuma ya hizi injini, ile duara ya meno inayoshika cheni, inabanwa kwenye spoki zenyewe, spoki ambazo hazikutengenezwa kuvutwa hivyo, na ukizingatia chumvi ya pwani inavyokula vyuma vyetu. Halafu mtu atoke nayo hapa avuke daraja la Sabaki aende Mambrui, malori yanampita ubavuni. Hapana.

Wenzetu wengine wameamua kuangalia mwendo na nguvu zaidi kuliko tundu la silinda. California baiskeli ya injini iwe chini ya hospawa 4 na isizidi maili 30 kwa saa, kama kilomita 48. Japani hiyo ya 50cc haitakiwi kupita kilomita 30 kwa saa. Uingereza baiskeli ya betri ikiwa na wati 250 na mota inajikata ikifika kama kilomita 25, huhitaji leseni wala namba, miaka 14 tu basi. Mimi hili la Uingereza nalipenda sana na ningeomba wabunge wetu walitazame, manake muuza samaki wa Shela au mama wa mboga kutoka Ganda anahitaji kusaidiwa mzigo, hahitaji kukimbia, na kumbebesha namba na bima sawa na pikipiki ya 150cc ni kumtwika mzigo mzito.

Ila mpaka hapo ibadilishwe, sheria ni hiyo iliyoko. Na wazazi wenye vijana wa miaka 14, 15, hata hiyo ya 48 bado hawajafika, wasubiri 16.