Nilivyompeleka shangazi Gombe kuona miti mikubwa, kwa boti ya abiria

Naandika hii maana nimechoka na watu wa hapahapa Kigoma wanavyokatishana tamaa kuhusu Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Ukiuliza unaambiwa kule ni kwa wazungu, lazima ukodi boti ya malaki, na ukikosa sokwe basi umeliwa hela. Mi nilienda na shangazi yangu wa Kasulu, mtu mzima, hana habari kabisa na sokwe, alichotaka ni kuingia kwenye msitu wa miti mikubwa kama ile aliyosimuliwa na babu yake, na ameingia na nauli ya kurudi tulibaki nayo.

Mara ya kwanza tulikwama kwa sababu ya jamaa mmoja aliyeniapia kwamba boti za kule zinatokea bandarini, jioni jioni. Tumekaa na mizigo, jua linawaka, shangazi kakalia ndoo yake ya unga, kila tunayemuuliza anatuangalia tu, mpaka mzee mmoja mbeba mizigo akaja kututoa gizani, "Mama, boti za Gombe ziko Kibirizi, na za leo zimeshaondoka, kesho Jumapili usijisumbue." Nilirudi nyumbani nina hasira na yule jamaa mpaka leo. Kwa hiyo shika hili, ni Kibirizi, mwaloni, zinaondoka mchana kuanzia saa sita hivi zikijaa, nauli ni elfu kadhaa tu. Ni boti za mbao za watu wa vijijini, unakaa juu ya magunia na kreti za soda, na umwambie mapema mwenye boti kwamba unashuka Kasekela, ndo kituo cha hifadhi, la sivyo utajikuta Mwamgongo, kijiji cha mbele yake.

Na mi nasema boti hii inaishinda ya kukodi maana inaambaa na ufukwe taratibu, masaa matatu hivi, unapata muda wa kuangalia milima. Unapita Kigalye, unapita Mtanga, huko juu kumelimwa mihogo mpaka kileleni, kwingine udongo mwekundu uko wazi kabisa, halafu ghafla mabonde yanakuwa meusi kwa miti, hapo ndo hifadhi imeanza. Shangazi alisimama ndani ya boti, akina mama wakamkamata kanga asidondoke. Eneo lenyewe dogo, kilomita za mraba 50 na kitu, lilianza kuwa pori la akiba 1943 na hifadhi ya taifa 1968, ndo maana shoka halikufika. Huko vijijini nako tangu 1994 taasisi ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, ina mradi wa TACARE wa kupanda miti na kuacha misitu ya vijiji ipumue, na yule mama aliyekaa jirani yetu alituonyesha kwa kidole mahali ambapo vichaka vimerudi juu ya kijiji chao, anajivunia kabisa.

Malipo ya hifadhi hawapokei keshi, jipange na simu au kadi. Mtanzania analipa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni, msitishwe na bei za dola.

Sasa hapa ndo penyewe. Tulilala hostelini palepale Kasekela, na asubuhi muongozaji wetu alianza na masharti ya sokwe, barakoa, usisogee chini ya mita 10, mwenye mafua haendi maana sokwe wanaambukizwa na sisi na wanakufa, mtoto chini ya miaka 15 haruhusiwi. Masharti mazuri na tuliyafuata. Ila nikamwambia palepale, kaka, sisi tumekuja kuona miti, usitukimbize. Usiposema hivyo mtakimbizana na sokwe mlimani siku nzima na mzazi wako anahema. Yule kijana alifurahi, akasema wanaoulizia miti ni wachache, basi akatuingiza bonde la Kakombe mdogomdogo, anamwita shangazi "bibi", anamshika mkono kwenye mawe.

Chini kuna michikichi, ukipanda kidogo kando ya mto unaanza kuona mashina yenye mizizi iliyosimama kama kuta, shangazi aliingia katikati ya mizizi miwili akapotea mzima. Kuna mtini mmoja umeukaba mwenzake, kijana akatueleza mbegu inaachwa juu tawini na ndege au sokwe, mizizi inashuka mpaka chini, inauzunguka mti uliobeba mpaka unakufa na kuoza, katikati panabaki uwazi. Shangazi alitia kichwa humo akaangalia juu, akaniita nami nikaangalie, unaona mwanga mdogo juu kabisa.

Tukafika kwenye Newtonia, ndo jina alilotupa, na mi nikataka urefu wake. Njia ninayo, nilifundishwa na fundi seremala. Unachukua fimbo, ya shangazi ilitosha, unaishika ili kipande cha juu ya ngumi kilingane na umbali wa ngumi mpaka jichoni ukinyoosha mkono. Unaisimamisha wima, unarudi nyuma mpaka ncha iguse kilele na ngumi iguse shina chini, halafu unahesabu hatua kutoka hapo mpaka kwenye mti, huo ndo urefu. Pale kwenye mti wa kwanza ilikataa, kilele hakionekani kwa majani na kamba za msituni, na huruhusiwi kutoka njiani ovyo. Kijana akatupeleka mwingine, pale njia inapovuka mto pako wazi na tambarare kidogo, nikarudi nyuma, nikarudi tena, shangazi ananielekeza "bado, bado, hapo!" Hatua ndefu thelathini na zaidi! Muongozaji akaomba fimbo akarudia mwenyewe, ikaja karibu sawa, akasema wageni wake wote sasa atawapimia.

Chakula pika hostelini na ule ndani, nyani wa pale wanapora. Nendeni kiangazi, masika njia inateleza vibaya. Boti ya kurudi inatoka Mwamgongo alfajiri, waambieni walinzi usiku waisimamishe, kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja kwa boti ya abiria sahau. Na mzazi mwenye magoti mabovu asipandishwe mpaka kile kilele alichokuwa anakaa Jane na darubini, mwishie maporomoko ya Kakombe, miti yote niliyoisema iko njiani humo.