Dawa Ilikuwapo, Nauli Haikuwapo

Simu ya yule mama ilinikuta nimepiga magoti sakafuni, nafunga mafaili kwa kamba. "Mwanangu, polisi wamemchukua kijana wangu maskani tangu alfajiri. Dawa yake hajanywa." Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Februari 2025, Mombasa, na kituo chetu kilikuwa kimefungwa tangu wiki iliyotangulia.

Tulilipwa kwa misaada ya Marekani, na amri ya kusimamisha kazi ilitoka huko tarehe 24 Januari, siku 4 baada ya rais kusaini kwamba misaada ya nje izuiwe kwa siku 90. Baadaye ikaja ruhusa maalumu kwa huduma za kuokoa maisha. Tuliisoma mstari kwa mstari, sisi wasaidizi wa kisheria, tukijitafuta ndani yake. Dawa za kupunguza makali zilikuwamo. Kupima VVU kulikuwamo, na kumkinga mtoto asiambukizwe na mamake. Vidonge vya PrEP, vya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe, waliachiwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Mtu wa kwenda kumsimamia mgonjwa kaunta ya polisi hakuwamo.

Sikushangaa, ila iliniuma. Miaka yote fungu la utetezi ndilo lilikuwa dogo kwenye bajeti, na ndilo la kwanza kupunguzwa. Vidonge vinahesabika. Mtu ambaye hakulala selo utamhesabu vipi kwenye ripoti? Na dawa ya kijana yule, methadoni, ya kumtoa mtu kwenye heroini, hainywewi kwa wiki. Inanywewa kila siku, mbele ya muuguzi. Ukikosa siku kadhaa mfululizo, kipimo hushushwa, uanze kupanda upya. Kabla ya hapo arosto imekwisha kukupiga: tumbo, mifupa, jasho la baridi. Wangapi nimewaona wakitoka selo moja kwa moja hadi kwenye unga, watu waliokaa mwaka mzima bila kuugusa.

Nilichukua Katiba yangu ndogo, nikapanda tuktuk.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ni wakili?"

"La, ni msaidizi wa kisheria. Kesi yake siiulizi sasa. Naomba tu anywe dawa."

Akataka kitambulisho cha kazi. Nilikuwa nacho shingoni, na jina la mradi juu yake, mradi ambao haukuwapo tena. Nikamfungulia Kifungu cha 49, pale panaposema aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao ni wa lazima. Nikamfungulia na cha 43, cha afya. Alisoma kwa kidole, polepole, na ninamheshimu mpaka leo kwa kusoma. Kisha akayafunga maneno yangu yote kwa sentensi moja: "Gari halina mafuta."

Zamani hilo lilikuwa jambo dogo. Tulikuwa na fungu la nauli ya dharura. Unaandika kwenye kitabu, unatia sahihi, mnaondoka. Siku ile nilifungua pochi yangu. Nikawalipia tuktuk, kwenda na kurudi: afande, kijana mwenye pingu, na mimi nimebanwa pembeni.

Kliniki ya methadoni ilikuwa inakaribia kufunga dirisha. Muuguzi alimtazama mikono, akamtazama afande, akapima dawa bila kuuliza kitu. Kijana akanywa. Wagonjwa huwa wanaambiwa waseme neno, ili ijulikane wamemeza.

"Sema."

"Nimemeza, dada."

Afande alikuwa amegeukia ukutani, kama mtu aliyempa mwenzake faragha.

Tukiwa njiani kurudi, kijana aliacha kutetemeka. Aliniuliza kama kesho nitakuja mahakamani, na kama wakili wetu atakuwapo. Nilimwambia mimi nitakuja. Wakili nilikuwa nimempigia mara 3 tangu asubuhi. Mkataba wake ulikuwa umesimamishwa siku moja na wangu.