Kibao cha barabarani kisomwe kwa jicho la mgeni

Kwangu mimi, kibao cha barabarani kinachomlazimu dereva kukisoma mara mbili hakijakamilika, hata kama kila neno lililoandikwa juu yake ni sahihi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 kila sekunde. Anayetafakari maandishi kwa sekunde tatu huwa ameshakwenda zaidi ya mita 60, na huenda ameshaipita njia panda aliyokuwa akielekezwa.

Chukua katazo lisemalo “Hairuhusiwi kuegesha saa 12 hadi saa 2.” Ni asubuhi au jioni? Mwenyeji anajua kwa mazoea, mgeni hana pa kushika. Gumu zaidi ni hili: “Hairuhusiwi kuegesha isipokuwa magari yenye kibali siku za kazi.” Ikiwa “siku za kazi” inahusu katazo lenyewe, basi Jumapili kila mtu yuko huru, ikiwa inahusu kibali, basi Jumapili hata mwenye kibali haruhusiwi. Maana hizo zinapingana kabisa, na anayetozwa faini si aliyeandika.

Hata tarakimu peke yake hutatiza. “Mita 500” chini ya alama ya hatari ni umbali uliobaki kuifikia, au ni urefu wa sehemu yenye hatari? Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu alama za barabarani unatenganisha mambo hayo mawili: kibao cha ziada kinachoonyesha urefu huwekewa mishale kandokando ya tarakimu, ilhali cha umbali hakina mishale. Ni suluhisho zuri, mradi madereva wafundishwe tofauti hiyo. Umbo nalo husaidia sana, kwani alama ya kusimama yenye pembe nane hutambulika hata maandishi yake yakiwa yamefifia.

Yapo mambo yasiyoweza kuchorwa, hasa wakati wa matengenezo, na hapo ndipo ninapoona uzembe unaoniudhi: “Barabara imefungwa mbele, tumia njia mbadala,” bila mshale, bila umbali, bila jina la njia hiyo. Ningependa kila kibao cha maneno, kabla ya kusimikwa, kisomwe mara moja na mtu asiyeijua barabara, akiwa ndani ya gari linalotembea, kisha aeleze angefanya nini. Jibu lake likitofautiana na kusudi la mwandishi, kibao kirudishwe karakana kikaandikwe upya.