Siku moja maishani mwangu: tezi ya mtoto na alama za seli

Saa moja na nusu asubuhi nilishuka kwenye bodaboda mbele ya maabara yetu hapa Kampala, nikaanza kwa kukagua leza za saitometa, mashine inayosoma alama za seli moja moja.

Saa tatu ililetwa tezi ya limfu iliyotolewa tumboni mwa mtoto wa miaka saba. Nilifurahi kuikuta katika maji ya chumvi wala si katika fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, kwani tishu iliyohifadhiwa kwa fomalini haitoi tena seli hai. Sehemu moja ilikwenda kwa mwanapatholojia. Iliyobaki niliikatakata, nikaichuja, kisha nikaziosha seli mara kadhaa, kwa sababu kingamwili za damu zikibaki juu yake vipimo vya kapa na lamda, minyororo miwili ya kingamwili ambayo kila seli B (seli ya kinga) hubeba mmoja wake tu, havifai kuaminiwa.

Saa nne nilitia kingamwili zenye rangi, pamoja na rangi ya kutambulisha seli zilizokufa, ambazo hunasa kila kitu na kudanganya macho.

Saa sita picha zilijitokeza: seli nyingi zilikuwa na CD19, CD20 na CD10, protini za uso zinazosaidia kutambua aina ya seli. Mwanafunzi wangu akauliza, "Mwalimu, kwa kuwa CD10 ipo, hii si Burkitt?" Alimaanisha limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B inayokua haraka. Nilimweleza kwamba CD10 peke yake haitoshi, maana hata tezi iliyovimba kwa maambukizi huwa na seli B za namna hiyo pale zinapozaliana. Tezi ya namna hiyo, hata hivyo, huchanganya seli za kapa na za lamda, ilhali za mtoto huyu karibu zote zilibeba kapa tu, ishara kwamba zimetokana na seli moja. CD38 iling'aa sana, na CD34, alama ya seli changa, haikuwapo.

Limfoma ya Burkitt ni ugonjwa ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hapa Kampala, aliuandika mwaka 1958, na bado unawaumiza watoto wetu. Hata hivyo, saa nane niliandika "limfoma ya seli B zilizokomaa, yenye CD10", nikapendekeza Ki-67, kipimo cha kasi ya kuzaliana kwa seli, na kipimo cha jeni ya MYC, ambayo hubadilika katika Burkitt, kwa kuwa alama za uso wa seli hazimalizi kesi.

Saa tisa tezi ya mtu mzima haikuonyesha kasoro. Niliandika wazi kwamba jibu hilo haliondoi limfoma ya Hodgkin, ambayo seli zake ni chache na huponyoka kwa urahisi, wala kifua kikuu.

Saa kumi na moja mwanapatholojia alipiga simu: slaidi za mtoto zitasomwa kesho asubuhi.