Taa ya Oili ya Mama Alizeti

Mafundi injini wana ugonjwa mmoja: taa yoyote ikiwaka kwenye dashibodi, mkono unakwenda kwenye spana. Sisi wa umeme tuna wa kwetu pia, tunaona waya kila mahali, hata pale ambapo tairi limepasuka waziwazi. Nalisema mapema nisije nikaonekana napendelea upande wangu, ingawa siku ya Hilux ya Mama Alizeti upande wangu ndio uliokuwa na haki.

Ilikuwa 2009, mwezi wa saba, kipindi ambacho upepo wa Dodoma unapasua midomo na mafundi tunafanya kazi na makoti. Nilikuwa na banda la mabati pale Chang'ombe, na kijana mmoja wa kunishikia taa na kukimbilia dukani. Barabara ya Kondoa wakati ule ilikuwa vumbi tupu. Lami ya Dodoma hadi Babati ilikuja kuzinduliwa 2018, na kabla ya hapo gari lililotoka kaskazini ulilijua kwa rangi, maana jeupe, bluu na kijani yote yalifika mjini yakiwa mekundu.

Hilux yake ilikuwa ya dizeli, ya zamani, nyuma imejaa magunia ya alizeti ya kupeleka kwa wenye mashine za kukamua. Alikuwa anaendesha mwenyewe, Mrangi mmoja mfupi kutoka Kondoa, kitenge amekifunga juu ya sweta. Jina lake halisi nililijua baadaye sana. Mjini wote walimwita Mama Alizeti, naye aliitika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi umeme?"

"Ndiye mimi, karibu."

"Nimeambiwa injini yangu imekufa. Nataka unipimie. Kama imekufa kweli niuze gari, kama taa inanidanganya nijue."

Akaniwashia swichi bila kupiga stata. Taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili linalodondosha tone ikawaka, kama inavyotakiwa. Akapiga stata, taa ikazima mara moja. Hadi hapo gari zima halina kosa.

Kumbe alikuwa ameshapita kwenye gereji moja mjini, na huko walikuwa wamemzungusha. Kwanza walimwaga oili wakaweka mpya na chujio jipya. Taa ikarudi. Wakabadilisha swichi ya oili. Taa ikarudi. Mwisho wakamwambia presha ya oili haipo, pampu imechoka, beringi za injini zimelika, injini ifumuliwe. Bei waliyomtajia ilizidi milioni, na kwa 2009 milioni ilikuwa pesa ya kumfanya mtu akae chini kwanza.

"Walifunga geji?" nikamuuliza.

"Geji ya nini?"

Basi. Hakuna aliyepima presha. Walikuwa wanasoma taa peke yake, na taa ile inajua jambo moja tu. Umeme unatoka betri, unapita swichi ya kuwashia, unapita fyuzi, unaingia kwenye globu ndogo ndani ya dashibodi, kisha unashuka kwa waya mmoja mwembamba hadi kwenye swichi iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ndani ya swichi kuna kiwambo na mguso. Oili ikiwa haina presha, mguso umefungana na bodi ya injini, na kwa kuwa bodi nzima ya gari ni hasi ya betri, mzunguko unakamilika na globu inawaka. Presha ikipanda kidogo tu, kiasi cha theluthi moja ya baa, kiwambo kinasukumwa, mguso unaachia, globu inazima. Kwa hiyo taa haijui pampu wala beringi. Inachojua ni kama ule waya mwembamba umegusa bodi au haujagusa, na nani ameugusisha si kazi yake kuuliza.

Nikamuuliza swali ambalo naliamini kuliko mita yangu: "Mama, inawaka wakati gani hasa?"

Hakubabaika. "Nikiwa na mzigo. Nikiwa napanda, gia ndogo, nimekanyaga mafuta. Nikirudi Kondoa tupu haiwaki, labda niondoke kwa fujo."

"Ukisimama njiani, injini imechemka, inanguruma taratibu?"

"Haiwaki hata siku moja."

Nilipenda sana jibu hilo. Injini iliyochoka hufanya kinyume. Oili ikishapata moto inakuwa nyepesi, na injini ikinguruma taratibu pampu inazunguka polepole, hapo ndipo presha inashuka na taa inaanza kupepesa. Ukikanyaga mafuta, inazima. Ya kwake iliwaka pale pampu inapofanya kazi kwa nguvu zote, na ikazima pale ambapo ingekuwa na kila sababu ya kuwaka.

Hata hivyo sikumwambia kitu. Taa ya oili haichezewi. Nimeona watu wakichomoa ule waya wakafurahi kwamba taa imezima, halafu injini ikakamata njiani wakiwa wanapiga stori. Nilichomoa kijiti cha oili, kiwango kilikuwa juu, oili bado ina rangi. Nikafungua swichi yao mpya, mahali pake nikafunga geji yangu ya presha yenye mpira mrefu, mpira nikaupitisha pembeni ya boneti mbali na eksozi, na uso wa geji nikaufunga kwa waya kwenye waipa upande wa dereva ili tuuone kwa kioo cha mbele. Ule waya mwembamba wa taa niliuacha hewani, ncha yake nimeizungushia tepu na kuifunga kwenye mpira wa maji. Maana yake sasa taa haikuwa na swichi kabisa. Ikiwaka, haiwezi kusingizia injini.

"Magunia tuyashushe?" kijana wangu akauliza.

"Usiguse hata moja."

Tukashika njia ya Makutupora, Mama Alizeti kwenye usukani, mimi pembeni, kijana juu ya magunia akiwa amejifunika kofia ya koti. Injini ikapata moto. Mshale wa geji ukatulia kwenye baa 3 na nusu, na alipopunguza mwendo ukashuka karibu na 1. Kwa injini ya umri ule, hapo ni kumshukuru Mungu. Tulipita nyumba za mwisho za Miyuji, lami ikatuacha, tukaanza kurushwarushwa. Taa kimya.

Kisha tukaingia kwenye korongo kavu linalokata barabara. Akashuka taratibu, akaweka gia ya kwanza, akaanza kupanda upande wa pili huku magunia yanalia nyuma. Taa ikawaka. Haikupepesa, iliwaka nyekundu imara, na mshale wa geji kwenye waipa umesimama juu kabisa, hautikisiki.

Mama Alizeti alipiga usukani kwa kiganja. "Mwongo huyu!"

"Endelea kupanda mama, usizime."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuendelea kupanda taa ikiwa inawaka. Siku zote alikuwa akizima injini papo hapo na kuteremka kuweka mawe kwenye matairi, jambo ambalo lilikuwa sahihi kabisa, na nikamwambia hivyo, maana wengine wangeongeza sauti ya redio. Tulipofika juu na gari kutulia, taa ikazima yenyewe.

Tukageuza. Njiani alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ile oili waliyomwaga ilikuwa mbaya. Nikamwambia hapana. Akaguna.

Bandani kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta mahali waya unapogusa, na hapo ndipo watu wengi hupoteza siku. Waya mbovu ukiwa umetulia hausemi kitu. Niliichomoa kwanza ile globu kwenye dashibodi, kwa sababu ikiwa mahali pake mita inasoma kupitia kwenye nyuzi zake na mizigo mingine ya dashibodi, inakupa namba isiyo na maana. Nikaweka mita upande wa mlio, ambao hulia umeme ukipata njia, ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye bodi. Kimya. Nikavuta fungu la nyaya huku na huku, nikalitikisa, nikaligonga na mpini wa bisibisi. Kimya bado.

Nikakaa kwenye tairi kuukuu nikafikiri maneno yake. Mzigo, gia ndogo, mafuta yamekanyagwa. Katika hali hiyo barabara si kitu. Kinachobadilika ni injini yenyewe. Injini ikivuta kwa nguvu inajipindua upande mmoja juu ya raba zinazoibeba, zile tunazoziita maunti. Zikiwa nzima inasogea kidogo sana. Zikiwa zimekufa inalala kama ng'ombe anayekataa kuvuta plau.

Tukaweka magogo mbele na nyuma ya matairi yote. Nikamwomba mama apige stata, akanyage breki mpaka mwisho, aweke gia ya kwanza na kuachia klachi taratibu mpaka gari litake kuondoka, kisha akanyage tena. Mimi nikasimama ubavuni, si mbele. Mbele ya gari la namna hiyo asisimame mtu. Injini ikalala upande wa kulia, upana wa vidole viwili hivi, na mita ikalia. Akakanyaga klachi, injini ikarudi, mita ikanyamaza. Nikamwomba aweke rivasi afanye vilevile. Injini ikalala upande wa kushoto, mita kimya.

Kijana wangu akacheka kwa sauti. Hata yeye alikuwa ameelewa.

Injini ikazimwa, nikaingia chini na taa ya mkono upande ule wa kulia. Raba ya maunti ilikuwa imepasuka katikati, imelowa oili ya miaka, vipande viwili vimeshikana kwa uchafu tu. Juu yake kidogo fungu la nyaya lilipita nyuma ya bati la kishikizo, na klipsi iliyokuwa ikilizuia haikuwepo, tundu lake tu lilibaki. Kila injini ilipolala, fungu lilibanwa kwenye ncha ya bati. Nyaya nyingine zilikuwa zimekwaruzwa juujuu. Ule wa taa, ambao ulikuwa nje kabisa ya fungu, ngozi yake ilikuwa imelika urefu wa punje ya mchele, na ndani shaba inang'aa safi, bila kutu, kwa kusuguliwa kila siku. Kwenye ncha ya bati palikuwa na alama ndogo inayong'aa vilevile. Nikamwita mama aje aone. Aliinama, akashika magoti, akaangalia kwa muda mrefu.

"Hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Milioni?"

Sikujibu.

Kuutengeneza waya hakukuwa na hadithi. Nilikata pale palipolika, nikaunga, nikalehemu kwa risasi, nikavika slivu, yaani kimrija cha kufunika kiungo, na fungu zima nikalitia kwenye mpira wenye mikunjo na kulifunga mbali na bati kwa klipsi mpya. Tepu peke yake sikubali kwenye injini; joto linayeyusha gundi, na baada ya kiangazi kimoja inabaki utepe unaoning'inia. Maunti alikwenda kununua mwenyewe, akazinunua zote mbili, za kulia na kushoto, na fundi jirani akazifunga huku jeki imeibeba injini. Bila hizo ningekuwa nimetibu waya mmoja na kuacha bati lianze kula mwingine.

Jioni hiyo, wakati nafungua geji ili nirudishe swichi, akaniambia subiri. Akafungua kabati la dashibodi, akatoa mfuko wa nailoni, ndani mna ile swichi ya kwanza, iliyotolewa gereji.

"Niliwaambia wanirudishie. Nimenunua gari na vitu vyake vyote, kwa nini wabaki navyo? Hii ni mbovu?"

Nikamtuma kijana kwa fundi baiskeli aazime pampu. Tuliunganisha swichi kwenye mpira wa pampu kwa kipande cha bomba na klipsi, mita nikaiweka kati ya ncha ya swichi na bodi yake ya chuma. Mita ikalia, maana hakuna presha. Kijana akapiga pampu mara moja tu, mlio ukakatika. Akaachia hewa, mlio ukarudi. Mama akataka kupiga mwenyewe. Akapiga, akaachia, akapiga tena, na watu wa banda la jirani wakaanza kukusanyika wakidhani tunajaza tairi.

"Nirudishie yangu," akasema. "Hii mpya wataichukua wenyewe."

Nikamfungia ya zamani, nikachomeka waya, nikarudisha globu. Swichi ikiwa on taa iliwaka, injini ilipowaka taa ikazima. Bei tulipatana kwa shida kuliko kazi yenyewe. Alinikumbusha kwamba yeye ndiye aliyeniambia inawaka wakati gani, na kwa hoja hiyo akapunguza, kisha akafidia kwa dumu la lita 5 la mafuta ya alizeti. Swichi mpya aliipeleka gereji asubuhi yake akiwa njiani kwenda mashineni. Walimrudishia nusu ya hela. Nusu nyingine, nasikia, alikuwa akiidai kila alipopita mjini na mzigo, anasimamisha gari mlangoni pao na kupiga honi.