Mchungwa mama wa Riverside na mizizi yake ya kupachikwa

Riverside, California, kwenye makutano ya Magnolia na Arlington, kuna mchungwa mmoja ndani ya uzio, mti mama wa machungwa ya kitovu ya California. Ulifika mjini humo ukiwa mche mwaka 1873, mkazi wa huko Eliza Tibbets alipopelekewa na William Saunders wa idara ya kilimo ya Marekani. Aina yenyewe, chungwa la kitovu, ilitoka Bahia, Brazili. Kitovu ni tunda dogo la pili lililojificha kwenye kitako cha lile kubwa. Chungwa hili halina mbegu na chavua yake haifai, kwa hiyo huenezwa kwa kubebesha, yaani kuunga kipande chake kwenye mche mwingine.

Wengi husifu umri wa mti huu. Mimi nasifu mizizi, maana ile ya mwanzo ilishindwa. Vimelea vya Phytophthora hushambulia gamba karibu na ardhi: linapasuka, linatoa gundi, na ukilikwangua unakuta rangi ya kahawia. Doa likizunguka shina zima, chakula cha majani hakishuki tena na mizizi inakufa njaa. Mwaka 1918, na tena 1951, mti uliokolewa kwa kupachikwa miche michanga shinani.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Panda miche ya aina inayostahimili ugonjwa, kama mchungwa wa majani matatu (Poncirus trifoliata), kuzunguka shina. Ikifikia unene wa penseli, subiri msimu gamba linapobanduka kirahisi. Kata T iliyopinduliwa kwenye gamba lenye afya, juu ya sehemu iliyooza. Ukipachika kwenye lililooza umepoteza mche. Chonga ncha ya mche mshazari mrefu, uso uliochongwa uelekee kwenye mti, uisukume juu chini ya gamba, kisha pigilia misumari miwili myembamba na uzibe kwa nta. Nafasi ikibaki, hewa inaingia na kiungo kinakauka. Baadaye ondoa kila chipukizi la mche, la sivyo litanyang'anya mti nguvu.

Kwa mche mpya, kinga ni rahisi zaidi: bebesha sentimita 15 hadi 30 juu ya ardhi, na wakati wa kupanda usifukie kiungo. Matandazo nayo yasiguse shina, wala maji ya kumwagilia yasituame hapo. Kupuuza haya huua michungwa mingi polepole, na mwenye shamba hulaumu mbolea.

Siku hizi mti wa Riverside umefunikwa chandarua, kuzuia mdudu mfyonzaji anayeeneza bakteria wa ugonjwa wa kijani wa michungwa (citrus greening). Ugonjwa huo hauna tiba, hata ukipachika miche mipya.