Zabibu za rafu ya 634.8

Enzi hizo nilikuwa mkutubi msaidizi kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, na kazi iliyokuwa inanichosha kuliko zote ni kuwafundisha mwaka wa kwanza matumizi ya maktaba. Wamefika Novemba, jua linachoma, bumu la mkopo halijaingia, wengine hata chumba hosteli hawajapata, alafu we unawakusanya ukumbini mamia kwa mamia unawawashia projekta, hii OPAC, yani katalogi ya kwenye kompyuta, hii namba ya Dewey inayokuonyesha kitabu kipo rafu gani, ukichelewesha kitabu faini hii hapa. Wanakuitikia ndiyoo, baada ya wiki mbili wapo kaunta wanauliza madesa, zile notsi za kutoa kopi, yanapatikana wapi.

Sasa mwaka huo madamu mmoja wa kozi ya mawasiliano, wale wanaofundisha kuandika insha za kitaaluma, akaja ofisini. "Kaka, naomba lisaa limoja wiki ijayo, uwape wanangu kila kitu cha maktaba."

Nkamuuliza, madamu, asaimenti umeshawapa? Akasema bado, mpaka wiki ya tano. Nkamwambia basi tusubiri wiki ya tano, maana mtu asiyekuwa na swali ukimwonyesha rafu anaona mbao tu. Hakupenda, ratiba yake ilikuwa imeshabana na semina hazisogezeki kirahisi, lakini akavuta kiti.

Mi nilikuwa nimeprinti ule mwongozo wa ACRL, chama cha wakutubi wa vyuo kule Marekani, walioupitisha 2016. Una mambo sita makubwa ambayo mwanafunzi anatakiwa ayaelewe kuhusu taarifa, mojawapo kwamba mamlaka ya chanzo, yani kwa nini kiaminike, inategemea nani anaongea na kwa muktadha gani. Madamu kasoma ukurasa wa kwanza akanirudishia. "Makubwa haya! Hawa hata kuandika rejea hawajui." Ikabidi tukubaliane kuchukua hilo moja tu, mengine yatajijua mbele ya safari.

Kilichotuchukua muda ni mada. Yeye alitaka mabadiliko ya tabianchi, na mi najua ukiwapa hiyo unapata insha zote zinafanana, zimekopiwa Wikipedia na zimepestiwa hata rangi ya linki haijatolewa. Tukabishana weee mpaka chai ikapoa, mwisho akasema yeye mwenyewe: zabibu. Zabibu za Dodoma, kwa nini mkulima analima na bado analia. Hapo nkafurahi, kwa sababu zabibu kwenye Dewey zimetawanyika: kilimo chake kipo 634.8, mvinyo upo 663.2, mambo ya soko na uchumi wa kilimo unayakuta 338.1 huko upande mwingine kabisa wa maktaba. Lazima utembee.

Wiki ya tano wakaja kwa makundi madogo, ndani ya maktaba kwenyewe, hamna projekta. Kila kundi lilete kitabu kimoja na makala moja, waseme kaandika nani na anamwandikia nani, basi. Nusu saa ya kwanza ilikuwa vurugu, kuna kundi lilikaa muda mrefu kwenye 634 likisoma habari za maembe.

Alafu kijana mmoja wa Mpunguzi, baba yake ana shamba la zabibu, akaja na kitabu kinene cha kilimo cha mizabibu cha Ulaya kakikunja ukurasa (nkamwangalia, akaukunjua haraka). "Mkutubi, hiki kitabu kinadanganya. Kinasema mzabibu unalala kipindi cha baridi, mnavuna mara moja kwa mwaka. Sisi nyumbani tunavuna mara mbili."

Kundi zima likacheka, madamu hakucheka. Akamuuliza, kinadanganya au kinaongelea kwao? Kijana kanyamaza kidogo, akageuza kurasa za mwanzo kuangalia kimechapwa wapi, mwaka gani, mwandishi anafundisha chuo gani, yani kazi yote niliyokuwa naihangaikia kwenye slaidi miaka yote akaifanya mwenyewe amesimama. Akauliza sasa walioandika kuhusu huku wako wapi. Nkampeleka kwenye kompyuta, tukaingia AGORA, ule mfumo ulioanzishwa na FAO mwaka 2003 ili vyuo vya nchi kama zetu visome majarida ya kilimo bure au kwa bei nafuu. Kuandika zabibu peke yake kukaleta lundo la California, tukaongeza AND Tanzania, likapungua mpaka likasomeka. Wenzake wakavuta viti, na kundi lililofuata lilishafika mlangoni likasubirishwa.

Insha yake niliisoma baadaye madamu alipoileta. Kiingereza kilikuwa kinachechemea, lakini aya ya pili aliweka kile kitabu cha Ulaya na utafiti wa huku pembeni yake, akaeleza kwa nini havikubaliani.

Muhula uliofuata madamu alinipigia simu hajataja tarehe wala lisaa. "Kaka, safari hii nafikiria alizeti za Singida. Una nini?" Nkamwambia anipe mpaka kesho, nkashuka kuangalia 633 kuna vitabu gani.